Je, Wajua? Pointi za Ndege na Kiganja cha Mama wa Mangobo

Sokoni Mangobo, mjini Kisangani, mchele hupimwa kwa kopo. Mama mchuuzi hulijaza mpaka mchele usimame kama kilima juu ya ukingo, akaumimina mfukoni mwako, kisha mkono wake ukarudi guniani kuchota kiganja kimoja zaidi. Kiganja hicho hakimo katika bei. Kwa Kilingala kinaitwa mbakisa, na ndicho kinachomfanya mteja apite meza tatu za wachuuzi wengine bila kugeuza shingo.

Kampuni za ndege nazo zina mbakisa yao. Huiita pointi, au maili: kila ukisafiri unaandikiwa kiasi fulani, na zikitimia idadi unapewa tiketi, kiti kipana au kilo za ziada. Ni kiganja kilekile, ila hiki huchotwa na kompyuta, na kina mambo ambayo yangemshangaza hata mchuuzi aliyezeekea sokoni.

1. Herufi moja hutenganisha kuongeza na kuacha

Mtoto wa Kisangani hukua na Kilingala na Kiswahili mdomoni kwa pamoja, na lugha hizo zimemtegea mtego mdogo. Kwa Kilingala, kobakisa ni kuongeza. Kwa Kiswahili, kubakisha ni kuacha kitu kisiishe. Mwambie mchuuzi "bakisa", atakuongezea. Mwambie "bakisha", umemwomba asimalize. Tuyaweke maneno hayo mawili pembeni, tutayahitaji.

Nyongeza hiyo ina jina jingine nchini Kongo: matabisi. Asili yake ni Kireno, mata-bicho, yaani "ua mdudu": tama la kileo la asubuhi lililosemekana kumuua mdudu wa tumboni. Kileo kikasahaulika, zawadi ndogo ikabaki na jina.

2. Kisangani ilipata ndege karibu miaka 60 kabla ya dunia kupata pointi

Mwaka 1921, ndege za majini za Ligne Aérienne du Roi Albert, shirika lililopewa jina la mfalme wa Ubelgiji, zilifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, zikitoka Léopoldville kwa kuufuata mto Kongo. Hazikuhitaji uwanja, zilitua mtoni. Wala hazikuhitaji kumbembeleza abiria, maana angani hapakuwa na mshindani.

Kubembeleza kulianza Marekani. Mwaka 1978 serikali ya huko iliacha kuyapangia mashirika nauli na njia. Bei zikaanza kugombana, na abiria akaona kiti cha huyu ni sawa na kiti cha yule. American Airlines walikuwa na hazina ambayo hawajaichimba: Sabre, mfumo wao wa kompyuta wa kukata tiketi. Wakatafuta humo namba za simu zinazojirudia, wakawapata wateja wanaosafiri sana, na tarehe 1 Mei 1981 wakazindua mpango wa pointi wa AAdvantage. United wakajibu ndani ya siku chache.

Angalia mpangilio huo. Kwanza walimtambua mteja, ndipo wakampa zawadi. Mama wa Mangobo naye hutazama sura kabla ya kuchota.

3. Mihuri miwili ya bure huzidi kadi tupu

Watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walifanya jaribio katika sehemu ya kuosha magari huko Marekani, wakalichapisha mwaka 2006. Waligawa kadi 300. Nusu ya wateja walipewa kadi yenye nafasi 8 tupu: ukioshewa gari mara 8, ya tisa ni bure. Nusu nyingine walipewa kadi yenye nafasi 10, lakini mbili zimeshapigwa muhuri. Hesabu ni ileile, wote walitakiwa kuosha mara 8. Hata hivyo, waliopewa kadi tupu waliomaliza walikuwa asilimia 19, na waliopewa mihuri miwili walikuwa asilimia 34.

Anayedhani yuko njiani hakubali kurudi nyuma. Na kadiri anavyokaribia ndivyo anavyokaza mwendo: mwanasaikolojia Clark Hull aliliona hilo kwa panya tangu miaka ya 1930, walivyokimbia kasi zaidi walipokaribia chakula. Ndiyo sababu mashirika ya ndege hupenda kumkaribisha mwanachama mpya kwa pointi za bure kabla hajapanda ngazi ya ndege hata mara moja. Wanakupigia mihuri miwili. Iliyobaki utaifuata mwenyewe.

4. Kuna mtu aliyesafiri kwa vikombe vya faluda

Mwaka 1999 kampuni moja ya vyakula ya Marekani, Healthy Choice, iliahidi maili za ndege kwa kila anayetuma alama za bidhaa zake. David Phillips, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alikaa na kalamu akagundua kwamba bidhaa ya bei ya chini kabisa, kikombe kidogo cha pudini, kitu kama faluda yetu, ilileta maili zenye thamani kubwa kuliko bei yake. Akazunguka madukani akakusanya vikombe 12,150 kwa dola 3,140 hivi.

Kubandua alama elfu kumi na mbili si kazi ya mtu mmoja. Akaipeleka pudini kwa Salvation Army wawape wenye njaa, wao wakamsaidia kubandua. Akapata maili zaidi ya milioni 1.2. Tukumbuke tu kwamba kwa kila mhandisi mmoja aliyeishinda hesabu, wapo wengi walionunua vyakula wasivyovihitaji na wasifikie popote.

5. Serikali ya Marekani ilifanywa uchochoro wa pointi

Kiwanda cha serikali kinachotengeneza sarafu za Marekani kilitaka wananchi wazizoee sarafu za dola moja. Kikaziuza kwa bei iliyoandikwa juu yake, dola kwa dola, na kuzisafirisha hadi mlangoni bila malipo. Wajanja wakazinunua kwa maelfu kwa kadi za benki zinazotoa maili, wakapokea maboksi, wakayapeleka benki bila hata kuyafungua, wakalipa deni la kadi. Fedha ilikwenda na kurudi, na maili zikabaki mkononi. Julai 2011 kiwanda kikaacha kupokea kadi kwa ununuzi huo.

6. Utamu wa pointi ni kwamba anayelipa siye anayepokea

Hapa ndipo penye moyo wa biashara yenyewe. Tiketi nyingi za watu wanaosafiri kikazi hulipwa na mwajiri, lakini pointi huandikwa kwa jina la aliyeketi kwenye kiti. Chukulia mashirika mawili: moja linauza tiketi dola 400, jingine dola 460. La pili lina kadi yako, na safari itakuletea pointi 3,000. Ukikisia kila pointi kuwa senti moja ya dola, hizo ni dola 30. Anayelipa kwa mfuko wake mwenyewe amepoteza dola 60 apate 30. Anayelipiwa na ofisi amepata 30 bila kupoteza kitu, na ofisi haijui kwa nini tiketi zake ni ghali.

Ujerumani jambo hilo liliwahi kuangusha vigogo. Mwaka 2002 ilifichuka kwamba wanasiasa walitumia kwa safari binafsi maili walizozipata kwa safari za kazi. Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa jiji la Berlin. Cem Özdemir, mbunge wa chama cha Kijani, naye akang'atuka.

Sokoni Mangobo tatizo hilo linajulikana bila jina la kitaalamu. Ukimtuma mtoto dukani, mbakisa mara nyingi huliwa njiani.

7. Nchi moja ilipiga marufuku pointi

Norway ilizuia mashirika kutoa pointi kwa safari za ndani tangu mwaka 2002. Wakati huo SAS ilikuwa imeimeza Braathens na kubaki karibu peke yake, na mamlaka ya ushindani iliona kwamba kadi ya pointi ni pingu: mgeni akija na bei nafuu, abiria hawezi kumfuata kwa sababu ana akiba kwa yule wa zamani. Marufuku ikaondolewa mwaka 2013, washindani walipokuwa wameshasimama kwa miguu yao.

Funzo ni kwamba pointi huuma palipo na mashirika mawili au zaidi yanayokwenda njia moja. Palipo na ndege moja, abiria atarudi tu, apewe au asipewe.

8. Pointi ni fedha, na mwenye mashine ya kuzichapa ni kampuni

Mwaka 2005 jarida la The Economist lilikadiria kwamba maili zisizotumika duniani zilifika trilioni 14, na kwamba thamani yake ilizidi ile ya noti zote za dola zilizokuwa zikizunguka. Fedha nyingi kiasi hicho, bila benki kuu.

Mtu wa Kongo aliyefikia umri wa kukumbuka hahitaji kuelezwa hatari yake. Mwaka 1992 ilitoka noti ya zaïre 5,000,000. Mwaka 1993 ikaja zaïre mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaïre mpya 100,000. Zidisha: faranga moja ilisimama mahali pa zaïre za zamani bilioni 300. Aliyeficha akiba ya zaïre chini ya godoro aliamka na karatasi.

Pointi hushuka kwa njia hiyohiyo, ila bila ghasia. Mwaka 2015 Delta na United waliacha kutoa maili kwa umbali uliosafiri, wakaanza kuzitoa kwa fedha ulizolipa. American wakafuata mwaka 2016. Ghafla aliyekuwa akiruka mbali kwa tiketi ya bei rahisi akapata kidogo, na aliyeruka karibu kwa tiketi ya gharama akapata nyingi. Njia nyingine ni kupandisha bei: tiketi iliyokuwa ya pointi 20,000 inaamka ya 30,000. Njia ya tatu ni tarehe ya mwisho, ambapo pointi zisizoguswa kwa muda fulani hufutwa.

Na ipo ya nne, kifo. Ansett ya Australia ilipoanguka Septemba 2001, pointi za wanachama wake zilikwenda nayo. Wenye ndege si wa milele: Air Zaïre ilifilisika mwaka 1995, na Sabena, iliyounganisha Kongo na Ubelgiji kwa miongo kadhaa, ilizimika Novemba 2001.

Sasa turudi kwenye yale maneno mawili. Katika matangazo, pointi ni bakisa: umeongezewa. Katika daftari la kampuni, pointi usiyoitumia ni bakisha: imebaki kwao.

9. Kadi inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko ndege

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozilaza ndege chini, United walihitaji mkopo. Waliweka rehani mpango wao wa pointi, MileagePlus, wakapata dola bilioni 6.8. Katika hesabu zilizowasilishwa kwa wakopeshaji, mpango huo peke yake ulithaminiwa kuwa dola bilioni 21.9, zaidi ya thamani ya hisa zote za shirika sokoni wakati ule. Yaani daftari la wateja lilikuwa ghali kuliko kampuni nzima pamoja na daftari hilo!

Siri ni benki. Mashirika huziuzia benki pointi, nazo benki huwapa wateja wanaolipa kwa kadi zao dukani, hospitalini, kwenye petroli. Mwaka 2023 Delta walipokea kutoka American Express karibu dola bilioni 7. Msafiri anadhani anakusanya pointi kwa kuruka, kumbe nyingi huzaliwa mtu akinunua sabuni.

10. Waliouza mbakisa isiyo na mwisho walijuta

Mwaka 1981 huohuo wa AAdvantage, American Airlines waliuza tiketi ya maisha, AAirpass, kwa dola 250,000: ruka utakavyo, daraja la kwanza, hadi kufa. Steven Rothstein wa Chicago aliinunua mwaka 1987, akasafiri zaidi ya mara 10,000. Mwaka 2008 kampuni ilimfutia tiketi hiyo ikimtuhumu kuweka nafasi kwa majina yasiyo ya kweli, na kesi ikafuata. Kabla ya hapo, mwaka 2004, walijaribu kuiuza tena kwa dola milioni 3. Hakutokea mnunuzi hata mmoja.

Hata mama mkarimu kuliko wote sokoni hachoti bila kuangalia gunia.

11. Kwetu, kilo ni pointi

Msafiri wa Mangobo anayekwenda Kinshasa huvuka mji mzima, akaendelea hadi uwanja wa Bangoka, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya Kisangani. Njia nyingine ni mto, kilomita 1,700 na zaidi, na boti huweza kuchukua majuma kadhaa. Kwa hiyo maswali yake kwenye ajansi ya tiketi ni mafupi: Ndege gani inaondoka kweli? Inaruhusu kilo ngapi? Na la tatu, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini tangu tarehe 8 Julai 2011, siku Boeing 727 ya Hewa Bora ilipoanguka Bangoka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa na kuua watu zaidi ya 70: Je, ni ndege ya kuaminika? Uaminifu wa abiria hapa hauanzi na zawadi. Unaanza na kufika.

Lakini mfanyabiashara anayekwenda mbali, Dubai au Guangzhou, ana sababu ya kufungua daftari la pointi. Ethiopian Airlines ina ShebaMiles, iliyopewa jina la malkia wa Sheba. Kenya Airways ina Asante Rewards, RwandAir ina Dream Miles, na Brussels Airlines hutumia Miles & More ya kundi la Lufthansa. Ethiopian iliingia umoja wa mashirika ya ndege wa Star Alliance Desemba 2011, na Brussels Airlines imo humo tangu 2009, kwa hiyo safari ya Brussels inaweza kuandikwa kwenye kadi ileile ya Addis Ababa, ikiwa aina ya tiketi inaruhusu. Kenya Airways iko upande wa pili, SkyTeam, tangu 2010. Anayeruka leo na huyu kesho na yule hujaza makopo mawili nusunusu.

Lililo tamu zaidi ni daraja la uanachama, analopandishwa anayesafiri sana. Mwenye daraja la dhahabu la Star Alliance hupewa kilo 20 zaidi, au begi moja zaidi, katika mashirika ya umoja huo. Kwa mtalii huo ni mzigo wa kuvuta tu. Kwa mama anayerudi na vitenge na viatu, ni faida. Chukulia kilo ya ziada inatozwa dola 10: kilo 20 ni dola 200, na kwa safari nne kwa mwaka ni dola 800. Hapo pointi zimegusa biashara yake kweli. Ila kama ni lazima aongeze safari ya tano isiyo na soko ili tu asishuke daraja, dhahabu hiyo imeanza kumla.

Kwa ndani ya nchi mambo yanasogea. Air Congo mpya ilianza kuruka Desemba 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian asilimia 49. Washindani wakiongezeka kwenye njia za Kisangani, kubembelezwa nako kutaongezeka.

12. Wengi Afrika Mashariki walijifunza pointi kwa simu, si kwa ndege

Wengi wetu hatujawahi kushika kadi ya ndege, lakini pointi tunazijua. Safaricom ya Kenya ilianzisha Bonga Points mwaka 2007: kila shilingi 10 ulizotumia ziliandika pointi moja. Bonga, katika Sheng, ni kuongea. Jina lenyewe linakwambia unalipwa kwa kufanya nini: ongea zaidi, nunua vocha zaidi. Na wako waliorundika pointi miaka na miaka bila kuzigusa, kama vile zitazaa.

Kabla hujaandika jina lako kwenye fomu

Jiulize mambo matatu. Je, safari hiyo ningeifanya hata bila pointi? Nani analipa, na nani anapokea? Na je, nikizipata nitazitumia mwaka huu, au nitazibakisha mpaka zioze? Ukijibu vizuri yote matatu, chukua kadi, ni ya bure. Kisha zitumie mapema, maana hakuna aliyetajirika kwa kuweka akiba katika fedha ya mtu mwingine.

Ukitaka kujua kama ushauri huu ni wa kweli, nenda sokoni Mangobo asubuhi. Nunua kopo la mchele, na mama akinyoosha mkono guniani, mzuie. Mwambie: "Mama, leo usinipe mbakisa. Niandikie tu. Vikifika viganja 50, utanipa vyote Desemba, kwa bei utakayoipanga wewe siku hiyo."

Atacheka mpaka ashike meza. Halafu atakuchotea hapohapo.